Daftari Lisitupwe kwa Sababu ya Kishikwambi

Na Katibu wa Chama



Naomba leo niutumie ukurasa huu kwa jambo ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilisema barazani, na wengine mkilinyamaza nikipita. Katika kikao cha Kamati kilichopita lilitolewa shauri kwamba kuanzia msimu ujao khabari zote za Chama, yaani orodha ya wanachama, ada, pishi za wachumaji, uzani wa karafuu kavu na hata kura za Mkutano Mkuu, ziwekwe ndani ya kishikwambi peke yake, na daftari la karatasi lifungwe. Shauri hili limetolewa kwa nia njema. Waliolitoa ni vijana wenzangu, na miaka miwili nyuma mimi mwenyewe nilikuwa nikilisema kwa sauti kubwa kuliko wao. Leo nalipinga. Imenipasa kueleza kwa nini, maana Katibu akigeuza maneno yake bila ya kutoa sababu, watu wana haki ya kumdhania vibaya.

Kwa wazee ambao hawajakishika: kishikwambi ni kibao cha kioo, kikubwa kuliko simu, mfano wa ubao tuliokuwa tukiandikia chuoni tulipokuwa wadogo. Ubao ule tuliufuta kwa maji tukijua kuwa tumeufuta. Hiki hujifuta chenyewe, wala hakitoi khabari.

Jina lake lilienea nchi nzima mwaka 2022, wakati wa Sensa ya Watu na Makaazi ya tarehe 23 Agosti, makarani walipopita majumbani mwetu na vishikwambi badala ya makaratasi. Baada ya sensa Serikali ikavigawa vifaa hivyo kwa walimu. Basi hoja iliyotolewa Kamatini, nayo ilinishinda kuijibu wakati ule, ilikuwa hivi: ikiwa watu 61,741,120 wamehesabika kwa kifaa hiki, wakulima wa karafuu wa shehia zetu chache watashindikanaje? Jibu nimelipata baadaye, na nimelipata kwa gharama. Sensa ilikuwa na mafundi wake, na vifaa vya akiba, na ofisi ya kupokea hesabu kila zilipopelekwa. Sisi tuna kishikwambi kimoja, na Katibu mmoja, na bando analolinunua aghlabu kwa fedha za mfukoni mwake.

Nianze na safari ya Dar es Salaam, ambayo wengi wenu mmesikia nusu yake.

Mwaka jana, kabla ya msimu kufunguliwa, Kamati ilinituma kwenda kununua maturubai 40 ya kufunikia karafuu zilizoanikwa, pindi mvua ikiteremka ghafla. Hapana haja ya kumweleza mkulima thamani ya kitu hicho. Karafuu mbichi inataka siku kadhaa za jua zuri, na ikirowa katikati ya kuanikwa hupoteza rangi, huvunda, na ikifika kituoni hushushwa daraja. Nilivuka kwa boti, nikafikia Buguruni, sehemu ya Malapa, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko zamani.

Wasioijua Buguruni waijue hivi. Ni mtaa ulio penye makutano ya barabara ya Uhuru, iendayo Kariakoo, na barabara ya Mandela, ambayo malori ya mizigo huipita usiku na mchana. Nyumba zimebanana, watu ni wengi, na kila mtu, kuanzia muuza samaki wa sokoni hata mtoto wa skuli, ana simu mkononi. Mimi niliyetoka shamba, ambako hupanda juu ya kichuguu ili nipate kupeleka barua moja, nilijiambia kwamba sasa nimefika penye mtandao wa kushiba. Kumbe penye walaji wengi sahani moja haishibishi.

Siku ya kwanza nilikwenda madukani, nikapata maturubai mazuri, mazito, kwa shilingi 38,000 kila moja. Mwenye duka akaniambia kuwa yuko mnunuzi mwingine anayeyataka, lakini kwa kuwa nimetoka mbali ataningoja hadi adhuhuri ya kesho yake. Nanyi mwajua kanuni yetu: manunuzi makubwa hayafanywi na mtu mmoja, lazima Mwenyekiti na Mshika Hazina waridhie. Kanuni ni nzuri na sina ugomvi nayo. Jioni ile, uani kwa shangazi, nikaandika barua katika kishikwambi, nikatia bei, nikatia na picha ya turubai, nikaipeleka kwa wote wawili. Vile vijiti vya mtandao vilikuwa vimesimama vyote. Nikajiona nimemaliza kazi.

Baada ya Isha nikakifungua kutazama jibu. Pembeni ya barua yangu palikuwa na alama ndogo ya saa. Wenzangu wa makamo yangu wanaijua: maana yake barua haijatoka, ingali imelala mkononi mwako. Basi nikaanza kuzunguka ua, kishikwambi nimekiinua juu ya kichwa, mara nageukia huku, mara kule, mara nasimama juu ya ndoo. Shangazi alikuwa amekaa juu ya mkeka akinitazama kwa muda, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, watafuta kibla?"

Nikamwambia, "Hapana, shangazi, natafuta mtandao."

"Basi si umpigie huyo mtu, umwambie kwa mdomo?"

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Kitochi changu, kile kisimu kidogo cha tochi kinachokaa na chaji siku nne, nilikuwa nimemwachia mdogo wangu nyumbani, kwa kudhani kuwa mwenye kishikwambi hana haja nacho. Laini yangu ilikuwa ndani ya kishikwambi, na kishikwambi hata kupiga kilikataa usiku ule. Shangazi akanipa simu yake. Nikaishika, nikabaki kuitazama. Nambari ya Mwenyekiti sikuijua. Nambari ya Mshika Hazina sikuijua. Zote zilikuwa ndani ya kile kibao. Mimi niliyehifadhi juzuu nikiwa mtoto, nikazisoma mbele ya mwalimu bila ya kukosa herufi, tarakimu kumi za Mwenyekiti wangu zilinishinda, kwa sababu sikupata hata siku moja kuzisoma. Nilizigusa tu kwa kidole.

Nililala nikitumaini kwamba usiku, watu wakilala, mtandao utapumua na barua itatoka. Asubuhi kishikwambi kilikuwa cheusi kama sufuria la mkaa. Nikakibonyeza kila mahali, wapi. Nikakichukua kwa fundi simu karibu na Buguruni Sheli, kijana mmoja mwenye meza ndogo na mwavuli, mpole na mwenye adabu. Akakifungua, akanionesha betri: imevimba kama andazi. Kisha akapitisha ukucha pembezoni mwa kioo, akasema, "Shehe wangu, uliambiwa hiki ni kipya?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Hiki kimeshafunguliwa kabla yangu. Kioo kimebandikwa kwa gundi, na betri hii si yake." Kilikuwa na miezi mitano tu tangu Chama kikinunue, na boksi lake bado lipo ofisini na karatasi yake ya nailoni.

Fundi alifanya kazi hadi karibu na adhuhuri. Alitia betri nyingine, kikawaka, lakini kikakwama palepale kwenye picha ya kuwakia, kikizunguka na kuzunguka. Akaniambia njia iliyobaki ni kukirudisha kilivyokuwa siku ya kwanza, na kila kilichomo kitapotea. Akaniuliza kama nina nakala mahali pengine. Nikasema ninayo, kwani kilikuwa kimewekwa kupeleka nakala kila usiku kwenye ile hazina ya mbali ya intaneti. Kikarudishwa, kikawaka, nikaitafuta nakala. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Bando lilipokwisha siku moja, upelekaji ulisimama, na haukuanza tena wala haukunambia.

Wakati huohuo adhuhuri inaadhiniwa. Nikatoka mbio hadi kwenye duka la Mpemba mwenzetu hapo Malapa, ambaye sikuwa nikimjua illa kwa salamu. Nikamweleza shida yangu. Akachukua kitochi chake kilichofungwa kwa mpira, akampigia binamu yake wa Chake Chake, binamu akampigia jirani wa Mwenyekiti, jirani akamkimbilia Mwenyekiti shambani. Haikupita nusu saa, ridhaa ikanifikia kwa mdomo, na ya Mshika Hazina pamoja nayo. Nilipofika dukani maturubai yameshachukuliwa. Yaliyobaki mtaani yalikuwa shilingi 47,000 kila moja.

Hesabu ni nyepesi. Fedha mlizonipa zilikuwa za maturubai 40, shilingi 1,520,000. Kwa bei ile mpya nilipata 32, nikarudi na shilingi 16,000, ambazo Mshika Hazina anazo na stakabadhi yake ninayo. Tukapiga kura, wanachama wanane wakakosa. Kisha ikaja ile mvua ya vuli mnayoijua, iliyoteremka mchana wakati watu wako juu ya mikarafuu. Mmoja katika wale wanane alizoa magunia mawili ya karafuu zilizovunda. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Najua kuna watakaosema kwamba kosa lilikuwa langu, si la kifaa. Ni kweli, na nalikubali. Ningejua nambari kwa moyo, ningechukua kitochi, ningepiga simu badala ya kuandika, tungepata maturubai yote. Lakini tazameni jambo hili vizuri. Kishikwambi kilikuwa ndicho barua yangu, ndicho simu yangu, ndicho kitabu changu cha nambari, ndicho daftari langu na ndicho kumbukumbu yangu. Kilipokufa, vyote vilikufa kwa pamoja. Zamani mtu akipoteza kalamu alibaki na daftari, na akipoteza daftari alibaki na stakabadhi za watu. Mtego niliouingia mimi siku ile ndio tunaotakiwa sasa tuuingie sisi sote.

La pili ni zito kuliko la maturubai. Ile miezi mitatu iliyopotea ilikuwa na ada za wanachama 17. Mimi nilikuwa nimekwisha acha kukata stakabadhi za karatasi, kwa fakhari tu, nikisema kuwa kishikwambi kinaandika. Kumi na sita katika hao walikuwa wamelipa kwa simu na ujumbe wa malipo wanao, au walilipa mbele ya watu. Mmoja ni bibi yetu mmoja, mtu mzima sana, mwenye mikarafuu aliyoirithi kwa baba yake. Yeye alinipa noti mkononi, barazani kwake, tukiwa wawili tu. Nilipokwenda kumweleza kwamba maandishi yamepotea, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, pesa nilikupa wewe. Sikukipa kishikwambi."

Kamati iliikubali ada yake kwa kauli yangu, kwa kuwa nilikumbuka. Walakini nimekuwa nikijiuliza: na kama nisingekumbuka? Na kama ningekuwa nimekufa baharini katika safari ile? Bibi yule angekwenda kwa nani, na ushahidi gani? Tumesoma tangu chuoni kwamba deni huandikwa, na watu wakashuhudia. Sidhani kwamba kuandika mahali ambapo mwandikiwa hawezi kupaona, na ambapo hata mwandishi mwenyewe akiamka asubuhi huenda asipaone, ndiko kuandika kulikokusudiwa.

Sasa niseme kidogo kuhusu kwa nini kifaa hiki hukosa uaminifu, maana wengi hudhani ni bahati mbaya yangu tu. Vile vijiti vinavyosimama juu ya kioo vyaonesha kwamba mnara wa simu uko karibu na sauti yake yasikika. Havioneshi ni watu wangapi wanaougombania mnara huo. Ni kama bomba la maji la mtaa: bomba laweza kuwa mlangoni pako, lakini ikiwa foleni ni ya ndoo mia mbili, wewe utalala na kiu. Ndiyo maana Buguruni jioni, watu wote wakiwa wamerudi kazini, nilikuwa na vijiti vyote na barua haitoki, na kwetu shamba, kwenye kijiti kimoja, barua hutoka alfajiri bila ya taabu. Tena kuna joto. Betri hizi hazipendi joto, na sisi hukiacha kifaa juani karibu na majamvi tukihesabu pishi, au hukichaji usiku kucha chini ya mto. Fauka ya haya, umeme wetu hupanda na kushuka, na chaja za bei rahisi haziukingi.

Na kuna udanganyifu wa sokoni. Mtakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, na watu wakaamka na simu zilizokuwa hazina faida illa ya kutazamia saa. Mwaka ule tulifundishwa sote kubonyeza *#06# ili kuiona nambari ya kifaa yenye tarakimu 15, na kuipeleka kwa ujumbe kwenda 15090 tujibiwe kama ni kifaa halali na cha aina gani. Tulifundishwa, tukasahau. Mimi siku ya kununua nilifurahishwa na boksi. Sikubonyeza kitu, sikulinganisha nambari ya ndani na ya boksi, sikutaka dhamana ya maandishi. Na hata nambari ikiwa halali haikwambii kama betri imebadilishwa, kwa hiyo hapana budi kuwa na mtu anayejua kutazama.

Haya ni ya kifaa kimoja. Lakini kuna siku ambazo hata kifaa kizima hakifai kitu. Tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, iitwayo EASSy na iitwayo Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikapata taabu kubwa ya mtandao. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu zake si kazi ya gazeti la wakulima, lakini kila mtu anajua kwamba mikarafuu haikungoja irudi. Karafuu ikifikia kuchumwa huchumwa, na ikiachwa hupasua ua, na thamani yake huondoka.

Waya wa chini ya bahari si jambo geni kwetu. Wenzetu wa Unguja walikaa bila ya umeme wa kutoka bara tangu Disemba 2009 hata Machi 2010 kwa sababu ya hitilafu ya njia moja. Mimi nilikuwa kijana bado. Huku Pemba tulikuwa na jenereta zetu za dizeli za Wesha, ambazo Waunguja walizoea kuzicheka kwa kelele na kwa kukatika kwake, na miezi ile mitatu hatukusikia mtu wa kutucheka. Mwaka huohuo wa 2010 na sisi tukaletewa waya kutoka Tanga, nasi twaushukuru. Lakini sijaona nyumba iliyotupa kandili zake siku ya pili.

Wala sitaki mtu aondoke na dhana kwamba nataka turudi nyuma. Kishikwambi kina faida, na mwenye kuikataa faida yake si mkweli. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa twaupata mapema, na mkulima akijua jioni kwamba kesho kuna mvua ataanika kidogo na kuchuma kidogo. Picha ya cheti cha mizani ikipelekwa kwa Mshika Hazina siku ileile, ubishi hupungua. Mwanachama aliyeko Dar es Salaam au Maskati, ambaye shamba lake liko mikononi mwa ndugu, hupata khabari za shamba lake bila ya kungoja msafiri. Na wale vijana waliotoa shauri wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa: daftari nalo huliwa na mchwa, hurowa, huungua, na mtu mbaya akitaka kuchana ukurasa huuchana. Hayo yote yametokea katika vyama vya watu. Ninachosema ni kuwa mchwa huonekana. Ukurasa uliochanwa huacha meno yake katikati ya kitabu, na mtoto wa darasa la nne aweza kuuliza, "Huu umekwenda wapi?" Ile miezi mitatu yangu haikuacha hata kovu. Orodha ilifunguka safi, nzuri, imepangwa, nami ningeweza kuileta mbele yenu nikaapa kuwa ni kamili.

Liko pia jambo la laini, ambalo halikuzungumzwa kabisa kikaoni. Tangu usajili ule wa alama za vidole na nambari ya NIDA, ulioanza 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, kila laini ni ya mtu na kidole chake. Laini inayopokea ada zenu imesajiliwa kwa kidole changu mimi. Yaani kwa mujibu wa maandishi, mfuko ule wa simu ni wangu. Mimi najijua, nanyi labda mwanijua, lakini mtu hufa, hugombana, hushawishika. Ipo njia ya kusajili laini kwa jina la taasisi, na nimeomba mara mbili ifuatwe. Naomba mara ya tatu hapa, mbele ya wanachama wote, ili isisemwe kesho kuwa Katibu alinyamaza kwa kuwa ilimfaa.

Basi rai yangu ni hii. Daftari la karatasi liwe ndilo asili, na kishikwambi kiwe nakala. Kila ada iandikwe daftarini kwanza na stakabadhi ikatwe palepale, mbele ya macho ya mlipaji, kabla ya kidole kugusa kioo. Nakala ya pili ya daftari iandikwe kila mwezi na ikae kwa Mshika Hazina, nyumba nyingine na paa jingine. Chama kinunue kitochi chake, kwa laini ya kampuni nyingine isiyokuwa ile ya kishikwambi, na nambari za Kamati ziandikwe kwa wino ndani ya jalada la daftari (mimi za kwangu nimekwisha zihifadhi kwa moyo, na asiyeamini anijaribu). Kikinunuliwa kishikwambi kingine, waende watu wawili, na mmoja wao awe anaelewa vifaa, wasitoke dukani illa wamekiwasha, wamelinganisha nambari, na wameandikiwa dhamana. Fedha ya bando iwekwe katika makadirio ya mwaka kama ilivyo fedha ya karatasi na wino.

Kuhusu matangazo, yaendelee kubandikwa ubaoni na kusemwa kwa mdomo baada ya sala ya Ijumaa, kama zamani, hata kama yamekwisha pelekwa kwa simu. Nimepita shehia zetu na kuuliza, na wengi wa akina mama wenye mikarafuu, na wazee karibu wote, hawana simu janja, au wanayo ya mjukuu, na mjukuu akienda skuli simu huenda naye. Tangazo la simu peke yake halitawafikia. Na kuhusu kura sitasema mengi. Kura ya Mkutano Mkuu ipigwe na watu waliokaa pamoja, wakionana.

Shauri la Kamati na hii rai yangu vyote vitaletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao, na wenye shauri watapewa nafasi katika gazeti lijalo kunijibu, tena kwa urefu wautakao. Katika shilingi za mwanzo zitakazopatikana kwa maturubai, wale wanane waliokosa watangulizwe bila ya kura. Wakati huo huo, mwanachama yeyote aliyelipa ada katika miezi ile mitatu na hajaliona jina lake, tafadhali afike kwangu siku yoyote baada ya Alasiri. Daftari liko mezani, atalifungua na kulisoma mwenyewe, na asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini. Kishikwambi kiko kwa fundi tena, tangu Jumatatu.